Jina Ulilompa Mwanangu

Mpendwa Shangazi,

Assalamu alaikum. Salamu hii nilipaswa kukupa siku ile nilipotoka chumbani mwako bila kuaga, lakini nilikuwa na hasira, nawe ulikuwa umegeukia ukutani. Sasa ni miezi minne tangu tukuzike. Watu wa Buyenzi bado wananisimamisha njiani kunipa pole, na kila mmoja ana lake la kukusifu: pilau yako ya harusi, mkono wako mwepesi wa kuosha maiti wa kike, jinsi ulivyonilea baada ya mama kufariki. Naitika, nashukuru, naenda zangu. Nikishafika nyumbani nakugombeza. Nakugombeza nikipika, nikifua, hata kazini, kwenye duka la rangi pale Rohero, nikichanganya rangi za kuta. Juzi mteja alitaka rangi ya maziwa nikampa ya udongo, akanirudishia ndoo akiniuliza kama ninaumwa. Nimeona afadhali niandike, maana kugombana na mtu asiyejibu kunachosha.

Nataka tuzungumze juu ya jina la mtoto.

Siku ya saba tulikuwa uani kwako. Mbuzi alishachinjwa, mtoto alishanyolewa, kichwa kimebaki cheupe kinang'aa, kila mtu anataka kukigusa. Mimi na mume wangu Amisi tulikuwa tumekubaliana tangu mimba ina miezi sita kwamba tutamwita Rayani. Nililipenda kwa sababu lilikuwa jepesi na hatukumjua mtu mwingine wa jina hilo. Shehe akauliza, mtoto anaitwa nani? Kabla sijafungua mdomo ukanishika mkono.

"Mwanangu, mi sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli hukuwahi. Ulininunulia viatu vya shule wewe ukitembea na ndala zilizofungwa kwa waya, na hata siku moja hukunikumbusha.

"Muite Halfani," ukasema.

Watu wakacheka. Binamu yangu mmoja akapaza sauti kutoka jikoni, "Eeh, mutoto mudogo hivi, jina ya muzee!" Nilimwangalia Amisi, naye akainua mabega, maana alikuwa anakuogopa kuliko alivyomwogopa mama yake. Nikakuuliza Halfani gani. Ukasema, "Mutu mwema. Ameshakufa." Halafu ukalia. Shangazi, mimi nilikuona ukimwosha rafiki yako wa utotoni bila kutoa chozi, ukamvika sanda, ukarudi nyumbani ukaniuliza kama nimekula. Nilipokuona unalia mbele ya wageni wote wale, nikamwambia shehe: Halfani. Nilidhani ninakupa zawadi.

Arobaini yangu nilikaa kwako. Hizo zilikuwa siku nzuri na sitaki hasira inifanye niseme uongo. Ulinikanda kwa maji ya moto hadi nikakulilia uache. Ulininywesha uji wa pilipili manga, ukanizuia kushika hata ufagio. Na mchana kutwa ulimwita mtoto. Halfani, amka. Halfani, njoo tuoge. Ulimwita hata akiwa amelala. Nilikutania kwamba utalimaliza jina lake kabla hajaanza kulitumia mwenyewe, nawe ukacheka ukasema, "Niache, limekaa sana bila kuitwa." Sikuuliza limekaa wapi. Mzazi wa siku ishirini anawaza usingizi tu.

Kisha nikarudi Mutakura na mtoto wangu.

Nyumba ile uliitafuta wewe. Mimi na Amisi tulitaka kubaki Buyenzi, au twende Bwiza, karibu na watu wetu. Wewe ukaja na habari kwamba Mutakura kuna vyumba viwili na jiko, safi, robine, yaani bomba la maji, ipo mbele ya lango, na kwa Amisi ni rahisi kwenda kwenye depo anakofanya kazi kule Zone Industrielle. Ambalo si kweli, kule ni mbali naye anaamka na giza. Nilikuuliza umeijuaje nyumba ya Mutakura nawe hutoki Buyenzi. Ukasema kuna mtu alikuambia.

Unajua jinsi watu wa huku wanavyompokea mzazi. Wanakuja kumhemba, kama Warundi wanavyosema, yaani wanamletea kinywaji, maharage, sabuni, wanakaa, wanamshika mtoto. Nilifagia, nikaazima viti. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Esperansi, jirani yetu, mtu wa Uvira kule Kongo, anayevuka mpaka kila wiki kuleta mafuta ya mawese. Mama yule ana mikono mikubwa na sauti inayofika barabara kuu. Alimchukua mtoto, akamrusha, akamwimbia nyimbo za kanisani, akamwambia ana pua ya Kikongo kama baba yake.

"Na iko naitwa nani, huyu shefu?"

"Halfani."

Aliacha kumrusha. Akamshusha taratibu mapajani mwangu kama mtu anayerudisha sahani ya watu. "Nani alikupa hii jina?" akauliza. Nikasema shangazi yangu. Akaangalia lango, akaangalia dirisha, akasema amesahau sufuria motoni. Chupa ya mafuta aliyoniletea aliiacha mlangoni.

Baada yake walikuja wawili tu. Wote walishajua jina, wote walimwita mtoto "bebe", na hakuna aliyemaliza soda yake. Viti vya kuazima nilivirudisha siku hiyohiyo. Asubuhi iliyofuata nilikwenda robine na bidoni yangu ya maji, wanawake wakanyamaza nilipofika, wakanipisha nichote wa kwanza. Unanijua nina mdomo. Nikawauliza kama nimeota pembe. Hakuna aliyecheka. Nilidhani wanatuona Waislamu wa mjini tunaojidai, nikarudi ndani nikiwasema moyoni.

Halafu tukampeleka mtoto kuandikwa kwenye kaye ya nyumba, lile daftari la kila mtu anayelala chini ya paa lako. Mtoto asiyemo humo ni sawa na mgeni aliyefichwa, wakija kukagua mnajibu nyote. Anayetuandika ni nyumbakumi wetu, Mzee Gaspari. Ni mtu msafi, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, ana duka la vinywaji kwenye kona. Alitukaribisha vizuri. Akatupa viti, akampapasa mtoto shavu, akafungua kaye juu ya kaunta.

"Felisitasyon, madame, hongera. Jina?"

"Halfani."

Kalamu ilishagusa karatasi, ikabaki palepale hadi wino ukafanya duara. Akaniangalia, akamwangalia Amisi, akamwangalia mtoto kwa muda mrefu zaidi.

"Iyi jina mumeitoa wapi?"

"Nyumbani," nikasema.

"Nyumbani wapi?"

"Buyenzi."

"Ah. Buyenzi." Akafunika kalamu. "Wino imekwisha, madame. Nitaandika siku ingine."

Duara la wino lilikuwa bado bichi. Tulirudi mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na wageni, mara ya pili alikuwa na haraka, mara ya tatu akasema kwa upole kabisa, "Munaweza kufikiri jina ingine. Mutoto angali mudogo, haina mambo." Amisi aliporudi nyumbani hakula.

Nilimfuata Mama Esperansi kwake, nikakaa kwenye kibao chake cha jikoni, nikamwambia sitoki mpaka aniambie. Alifunga mlango wa uani kwanza. Aliniambia kwamba kwenye avenyu yetu aliishi mwanaume aliyeitwa Halfani, fundi wa redio, Mwislamu peke yake mtaa mzima, hana mke, hana ugomvi na mtu. Wakati wa vurugu gari lilikuja mchana, watu wako robine wanachota maji. Waliotoka ndani ya gari hawakuwa wenyeji, hawakujua nyumba ya nani ni ipi. Mtu wa mtaa aliwaonyesha mlango kwa kidole. Halfani alitoka ameshika bisibisi mkononi, akapandishwa, hakuonekana tena. Na mwenye kile kidole baadaye aliangusha ukuta, akaunganisha karakana ya fundi na duka lake la vinywaji.

"Gaspari?" nikauliza.

"Mi sijataja mutu," akasema Mama Esperansi. "Lakini we fahamu. Huku batu banajua kusoma jina. Mukaja wapya, mukapanga nyumba inatazamana na ya yule muzee, mukazaa, mukaita mutoto Halfani. Banasema mulitumwa. Banasema iko damu yake imerudi kuuliza."

Shangazi, sisi wa Buyenzi tunawaita watoto majina ya mababu na ya mitume, tunamaliza. Lakini nimekulia Bujumbura, nilipaswa kujua. Warundi tangu zamani wanasema na jirani kwa kupitia jina la mtoto. Dukani ninafanya kazi na dada ambaye jina lake la Kirundi linaeleza kwamba watu wa mlango wa pili hawakumtaka azaliwe, na hao jirani walilisikia likiitwa kila jioni hadi walipohama. Mwanangu alikuwa hajatimiza miezi miwili, hajui hata kushika kijiko, naye mtaa mzima ulikuwa umeshamsoma.

Niliporudi kutoka kwa Mama Esperansi nilikaa kitandani, na hapo ndipo nilipomkumbuka fundi wa redio.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Jumamosi ulikuwa unaifunga redio yako ndani ya kanga, tunatembea mimi na wewe hadi mitaa ya kaskazini, njia ya vumbi, unanisimamisha kila mara kunifuta miguu. Tulikuwa tunafika kwa mtu mmoja mwembamba mwenye karakana ndogo. Nilimwita Fundi, sikuwahi kujua jina lake lingine. Ananipa sumaku ya spika nichezee na misumari, mnakaa mnazungumza juu ya redio. Redio ile haikuwa mbovu, Shangazi. Asubuhi ya safari nilikuwa naisikia ikisoma habari. Uliivuta waya mwenyewe ukidhani sikuoni, na mimi nikanyamaza kwa ajili ya karanga alizokuwa ananinunulia.

Nakumbuka pia safari ya mwisho. Karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli jipya. Mtu akatoka mlango wa pembeni akiwa na shati safi, akakuambia, "Amesafiri. Rudi wiki ijayo." Tulirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Kila mara mtu yule alikujibu hivyohivyo, kwa adabu. Mara ya nne ulimshukuru, ukanishika mkono, na njia nzima hadi Buyenzi hukunifuta miguu. Redio uliigawa. Nikakuuliza mbona nyumba imekuwa kimya, ukaniambia kelele zinakuumiza kichwa. Wewe uliyeosha wafu wa kila mtu hukupata wa kwako wa kumuaga, na mimi mtoto mdogo nilikuwa nikikusumbua nataka muziki.

Kwa hiyo nilikuja kwako nikiwa nimejua nusu. Ulikuwa umeshalala, tumbo limevimba, daktari ameshatuambia tukupe unachotaka kula. Nilikuwa nimejiapia kukuuliza polepole. Nikaanza kukueleza habari za mtaa: wanawake wanavyonyamaza, kaye isiyoandikwa. Macho yako yakafunguka. Ukataka kukaa, nikakuwekea mto.

"Na Gaspari? Amekuja kumuona mutoto?"

Shangazi, sikuwa nimelitaja jina la Gaspari.

Nilisimama. Nikakuuliza nani alikuambia juu ya Gaspari. Ukavuta shuka hadi kidevuni. Nikakuuliza nani alikuambia juu ya nyumba, ukafumba macho, na hapo nikajua yote kwa mara moja. Ulijua anakaa wapi. Ulijua lango letu linatazama duka lake. Ulikuwa mgonjwa tangu kabla sijashika mimba, ukaona huna muda, ukatafuta nyumba, ukangoja nizae, ukanishika mkono mbele ya shehe wa watu. Nikakupigia kelele. Nilikuambia umemchukua mwanangu ukambandika ukutani kama tangazo. Nikakuambia ni mtoto, si barua. Majirani walisikia, najua, maana siku ya mazishi hawakuniangalia usoni.

Wewe ulisema kwa sauti ndogo, "Alikuwa atume wazee baada ya Idi." Na ulipoona sijanyamaza, ukasema, "Mi nilikuwa na mutoto gani mwengine wa kumupa jina?"

Ukageuka ukutani. Mimi nikambeba mtoto nikatoka. Siku tisa baadaye wakanipigia simu.

Ninakupenda. Nasema hilo hapa katikati kwa sababu mwishoni sitaweza. Ninakupenda, na kila siku naumia kwamba sikukubusu mkono, na bado sijakusamehe. Vyote viwili ninavyo, vinakaa pamoja vibaya.

Tulipotoka matangani, Mzee Gaspari alikuja na kilo mbili za sukari. Alivua kofia mlangoni. "Pole kwa shangazi yako," akasema. "Alikuwa mama wa subira." Nikamwuliza alimjulia wapi. "Buyenzi si mbali," akajibu, akanywa maji niliyompa, akamaliza glasi yote.

Tangu hapo akaanza kupita kila asubuhi. Akifungua duka lake anavuka avenyu, anasimama mbele ya lango letu, wanawake wakiwa robine na bidoni zao, anaita kwa sauti ya furaha, "Halfani! Umeamuka, Halfani?" Anangoja kidogo, anakwenda zake. Kila siku. Mtaa mzima ulikuwa unamwita mwanangu bebe. Amisi, kwa woga, alishaanza kumwita "baba". Mimi mwenyewe nilikuwa namwita mpenzi, roho yangu, chochote kile. Mtu aliyekuwa analitaja jina lake alikuwa mmoja tu. Sikujua kama ananitisha, au anajizoeza ili jina liishe makali kinywani mwake. Niliweka redio karibu na dirisha niizidishe sauti akija. Haikusaidia, sauti yake inapenya.

Wiki iliyopita tulikata shauri. Amisi alisema jina ni kitu cha kubadilishwa, shingo ya mtoto haibadilishwi, nami nikakubali. Tukaenda dukani kwa Gaspari na kaye yetu. Nilimwambia tumefikiri, mtoto anaitwa Rayani. Alifurahi hadi nikamwonea haya. Akatoa kalamu, akaandika Rayani kwa mwandiko wa shule, akapuliza wino, akamwaga Fanta kwenye glasi mbili. Nilikunywa. Nilikuwa nimesimama kwenye sakafu ile, Shangazi, upande wa ndani ambapo saruji ina rangi tofauti, ndipo nilipochezea sumaku, na nilikunywa Fanta.

Tulipokuwa tunatoka, mtoto amelaza kichwa begani kwangu akitazama nyuma, Gaspari akasema, si kwa nguvu, "Halfani."

Mwanangu akainua kichwa. Akacheka na mwili mzima, akamnyooshea mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nikimwita Rayani tangu asubuhi na hakugeuka hata mara moja. Jina lake amefundishwa na yule, kila siku, pale langoni, na sauti anayoiitikia ni ile. Niligeuka kumwangalia Gaspari. Hakuwa anacheka. Alikuwa amerudi nyuma hadi mgongo umegusa rafu ya chupa, anaitazama ile mikono aliyonyooshewa.

"Anajua jina yake," akasema.

Kesho yake Amisi alimvusha mtoto mpaka, kwenda Uvira kwa mama mkwe wangu. Nilimfunga nepi, nikampa chuchu kwa mara ya mwisho nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa nisingeinuka. Amisi alibaki huko naye, mimi nikabaki nimalize kazi, niuze vitu, niwafuate. Maziwa yalinijaa siku tatu, nikayakamua kwenye beseni nikiwa nakulaani.

Sasa nikueleze la jana, halafu nikuache upumzike.

Ilikuwa asubuhi, saa ya maji. Nilikuwa nafagia mbele ya lango. Wanawake sita au saba walikuwa robine, Mama Esperansi akiwa na bidoni zake mbili za njano. Gaspari alivuka kama kawaida yake. Alikuwa hajapita siku kadhaa, nadhani alikuwa amesafiri au alikuwa anajizuia. Akaita, "Halfani!" Hakuna kilichosikika ndani. Akaita tena. Akachungulia juu ya lango, akaona kamba ya nguo haina nepi hata moja. Na kwa sauti ileile ya furaha, ya mtu anayewasalimu jirani zake, akauliza watu wote wasikie:

"Halfani iko wapi?"

Bidoni iliyokuwa chini ya robine ilijaa ikaanza kumwagika. Hakuna aliyeisogeza. Mama Esperansi ndiye aliyenyoosha mkono akafunga maji, na tulipokosa hata mlio wa maji, Gaspari akayasikia maneno yake mwenyewe. Nilimwona anayasikia. Miaka kumi mtaa ule ulikuwa unalimeza swali hilo, na limetoka kinywani mwake.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu: amekwenda kwa bibi yake, muzee. Ni jibu la kweli, lisingenigharimu kitu. Mwanangu alishavuka, mimi nimebakiza siku mbili, Amisi alishanisihi nisigombane na mtu. Nilisimama na ufagio wangu. Niliwaangalia wale wanawake walioninyamazia miezi yote ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia chini.

"Na siye tunauliza, muzee," nikasema.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeletewa mzigo alioungoja, akatoa daftari dogo mfukoni, akafunua kalamu.

"Madame," akasema, "jina yako kamili ni nani?"

Analijua. Aliliandika yeye mwenyewe kwenye kaye yetu siku tulipohamia. Nikamtajia hata hivyo, la kwangu, la baba, la babu, polepole ili aandike vizuri, kwa sauti ya kufika robine. Akaandika, akasema mersi, akavuka avenyu akafunga duka lake. Saa mbili asubuhi, Shangazi, na hajalifungua hadi sasa.

Kwa hiyo limesemwa. Ulilotaka kusema miaka yote ile umelisema kwa mdomo wangu, na kwa muda ule mfupi pale langoni, Mungu anisamehe, nililitaka hata mimi. Mama Esperansi amekuja kukaa nami, amelala kwenye mkeka mbele ya mlango mchana huu kama aliyekuja kupumzika tu, na ameweka mchi wa kinu pembeni yake. Kesho tutavuka pamoja, mimi katikati ya bidoni zake tupu za mawese.

Nikifika nitamchukua mwanangu, na sijui nitamwita nani. Nitasubiri nione ataitika lipi.

Nisipofika, namwomba yeyote wa nyumbani atakayeikuta karatasi hii anisikilize. Katika ukoo wetu wanawake watazaa, na patakuwa na mtu anayenipenda kama wewe ulivyompenda Halfani. Asimpe mtoto jina langu. Mpeni lolote jingine. Mwiteni hilo la Rayani, halina mtu.

Lala salama, Shangazi, kama umeshapata kulala.

Mimi, mtoto wa kaka yako